Barua ya wazi kwa wanaopanga bei ya umeme: acheni kukata katikati

Waheshimiwa makamishna, wakurugenzi wa mamlaka za udhibiti, na mawaziri mnaowateua,

Salaam. Mimi ni mlipa bili tu, sina cheo wala sifanyi kazi kwenye kampuni yoyote ya umeme, ila nina tabia ya kusoma yale makabrasha ya maombi ya kupandisha bei ambayo huwa mnayaweka hadharani na watu wengi hawayafungui, maana kurasa ni mamia na majedwali hayaishi. Nimesoma ya nchi mbalimbali pamoja na maamuzi yanayofuata, na kuna jambo moja linanikera kila nikilikuta, nalo nalikuta karibu kila mahali, ndo maana nimeamua kuwaandikia mbele ya watu.

Kampuni inaomba bei ipande asilimia 20. Mnaitisha vikao, wadau wanakuja wanalia, wenye viwanda wanalia, kampuni inaleta mawakili na wataalamu wake, miezi inapita, halafu mnatoka na asilimia 10. Vichwa vya habari vinasema mdhibiti kawatetea wananchi, kampuni inasema imeumia ila itavumilia, na mambo yanaishia hapo. Sasa nikichukua uamuzi wenu nikatafuta ile 10 imetoka wapi, yani gharama ipi imekataliwa, kwa ushahidi gani, na ipi imekubaliwa na kwanini, mara nyingi sioni kitu, naona maelezo ya jumla tu kwamba maslahi ya pande zote yamezingatiwa. Hapo hakuna kilichopimwa jamani. Mmefanya kama muuza nguo na mnunuzi, huyu kataja ya juu yule kataja ya chini wakakutana katikati.

Na kampuni haina usingizi, inajifunza. Ikishajua mtakata nusu, safari ijayo inaomba mara mbili ya inachohitaji. Halafu ile kampuni iliyoleta hesabu safi, isiyoongeza chumvi hata kidogo, nayo inakatwa nusu vilevile, kwahiyo mnaiadhibu kwa kusema ukweli. Baada ya raundi mbili tatu hakuna anayeleta hesabu ya kweli tena, na nyie wenyewe hamjui umeme unagharimu kiasi gani kuufikisha kwa mtu.

Niseme kabisa msije mkanielewa vibaya. Simo kwenye kundi la wanaotaka kampuni ya umeme isilipwe. Nguzo zinaoza, transfoma zinaungua, mafuta na gesi vinanunuliwa kwa pesa taslimu, mafundi wanataka mishahara yao. Kampuni isiyorudisha gharama zake haifi siku moja, inaanza kuahirisha matengenezo, halafu inashindwa kuwalipa wazalishaji, halafu giza linakuja na wanaoumia kwanza ni wasio na uwezo wa kununua jenereta. Kurudisha gharama ni haki yake. Ila gharama kuwa imetumika siyo sababu ya kutosha ya mimi kuilipa, na hapo ndipo kazi yenu inapoanzia.

Hesabu yenyewe ukiivua lugha ya kitaalamu haina maajabu. Mnachukua matumizi ya uendeshaji, mnaongeza uchakavu wa mitambo, mnaongeza kodi, mnaongeza faida juu ya mtaji uliowekwa kwenye mali, mnapata jumla ya pesa ambayo kampuni inatakiwa kukusanya kwa mwaka, halafu mnagawanya kwa yuniti zinazotarajiwa kuuzwa. Basi. Lakini angalia ugomvi unakaa wapi. Chukua kampuni yenye mali ya bilioni 1,000 ya pesa yoyote ile, nusu ikiwa mkopo na nusu ya wenyehisa. Mkibishana kuhusu faida ya wenyehisa iwe asilimia 9 au 10, hiyo moja ni bilioni 5 kila mwaka, na kama kodi ya mapato ni asilimia 30 basi sisi tunatakiwa tulipe zaidi ya bilioni 7 ili wao wabaki na hizo 5. Kwenye vikao utakuta watu wanatumia siku nzima kubishana juu ya magari ya mameneja na safari zao, ambayo kwa kweli ni pesa ndogo, halafu kile kipengele cha asilimia moja kinapita bila mtu kukielewa kwa sababu kimeandikwa kwa lugha ya wataalamu wa fedha.

Huwa mnasema sheria inawabana, kampuni lazima ipate faida. Hata huko Marekani ambako hoja hii imetafunwa kuliko kwingine kote haikuwahi kuwa hivyo. Mahakama ya Juu yao mwaka 1923 kwenye kesi ya Bluefield, na tena mwaka 1944 kwenye kesi ya Hope Natural Gas, ilisema mwekezaji anastahili faida inayolingana na biashara nyingine zenye hatari kama yake, na kampuni iweze kusimama kifedha na kukopesheka. Hiyo ni sawa. Lakini mahakama hiyohiyo ilikuwa wazi kwamba udhibiti hauihakikishii kampuni mapato. Mnachotakiwa kuipa ni nafasi ya kupata faida kama itaendeshwa vizuri, basi, na mahali pengi nafasi hiyo imegeuzwa kuwa mshahara wa kudumu.

Kuna jambo lingine wachumi wawili, Harvey Averch na Leland Johnson, walilionyesha tangu mwaka 1962, kwamba ukimpa mtu faida kwa kila shilingi anayoiweka kwenye mali, ataweka mali nyingi kuliko inavyohitajika. Hamna uchawi hapo. Kampuni ikitengeneza transfoma ya zamani, inarudishiwa gharama ya matengenezo bila faida juu yake. Ikinunua mpya, inarudishiwa gharama na inapata faida juu yake kwa miaka na miaka. Utachagua nini ungekuwa meneja? Ndo maana Uingereza kuanzia mwaka 2013 mdhibiti wao, Ofgem, aliingiza utaratibu wa kuangalia matumizi yote kwa pamoja, ya uendeshaji na ya mtaji, ili kampuni isipate sababu ya kupendelea kujenga pale ambapo kutengeneza kungetosha. Sisemi utaratibu wao hauna kasoro, faida za kampuni zao za nyaya zimelalamikiwa sana, ila angalau tatizo walilitaja kwa jina.

Sasa niwapeleke South Carolina, jimbo la Marekani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini kila kamishna angepaswa kuijua hadithi hii. Mwaka 2007 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyoruhusu kampuni kuanza kuwatoza wateja gharama za kufadhili vinu vipya vya nyuklia wakati ujenzi ukiendelea, kabla hata ya yuniti moja ya umeme kutoka. Hoja ilikuwa kwamba ukilipa riba mapema mradi unakuwa nafuu mwishoni, na kwenye karatasi hoja hiyo ina ukweli wake. Mradi wa V.C. Summer ukaanza, vinu viwili. Bei ikapandishwa mara tisa kwa ajili ya mradi huo, mpaka karibu asilimia 18 ya bili ya mteja wa nyumbani ikawa inaenda huko. Mkandarasi mkuu, Westinghouse, akaomba ulinzi wa kufilisika Machi 2017, na tarehe 31 Julai 2017 mradi ukatelekezwa. Dola kama bilioni 9 zilikuwa zimeshatumika. Umeme uliotoka ni sifuri.

Kilichokuja kujulikana baadaye ndo kinaumiza zaidi. Wakubwa wa kampuni walikuwa wameshaambiwa na wataalamu waliowaajiri wenyewe kwamba ratiba haishikiki, na hawakuliambia jimbo ukweli huo. Bosi wa kampuni mama, Kevin Marsh, alikiri kosa la udanganyifu na mwaka 2021 akahukumiwa miaka miwili jela. Lakini mtu kufungwa hakurudishi hela, na wateja waliachiwa sehemu ya deni walilipe kwa miaka mingi baada ya hapo. Nawauliza, zile mara tisa, makamishna walikuwa wanaangalia nini? Walikuwa wanaletewa ratiba mpya na bajeti mpya, wanapitisha, kwa sababu sheria iliwaambia mradi ulishakubaliwa mwanzoni kwahiyo swali la kama bado una maana halikuwa mezani. Lile swali ndo lilikuwa kazi yenyewe.

Linganisheni na Pennsylvania. Kule walikuwa na sheria inayosema mali inaingia kwenye bei ikiwa tu inatumika na ina manufaa kwa mteja. Kampuni ya Duquesne Light ilikuwa imetumia dola kama milioni 35 kwenye vinu vya nyuklia vilivyofutwa mwaka 1980, na hata ilikubalika kwamba uamuzi wa kuvianzisha haukuwa wa kizembe kwa wakati ule. Bado jimbo lilikataa wateja walipishwe, kampuni ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1989 mahakama ikasema jimbo halikuvunja katiba. Kwahiyo msituambie haiwezekani. Inawezekana, mkiwa na sheria nyuma yenu na mkiwa mmeandika sababu zenu vizuri.

Hapo kwenye kuandika sababu ndipo upande wa pili wa shilingi ulipo, maana kukata ovyo nako kunatuumiza sisi wenyewe. Afrika Kusini, NERSA, mdhibiti wa nishati, walipokuwa wanapanga mapato ya Eskom, kampuni ya umeme ya serikali, kwa kipindi cha miaka mitatu kilichoanza 2019, serikali ilikuwa inaiongezea Eskom mtaji wa randi bilioni 23 kwa mwaka ili isizame kwenye madeni. NERSA wakachukua zile pesa wakazihesabu kama vile ni mapato, wakazitoa kwenye kiasi ambacho Eskom ingekusanya kwa wateja, jumla bilioni 69. Siku ile wananchi walishangilia, na nawaelewa. Ila pesa ya mwenye kampuni kuongeza mtaji siyo malipo ya umeme, ni vitu viwili tofauti, na Julai 2020 Mahakama Kuu ikasema NERSA walikosea na pesa zile zirudishwe kupitia bei. Aprili 2021 bei ikapanda zaidi ya asilimia 15, sehemu ya ongezeko hilo ikiwa ni randi bilioni 10 za kwanza za ile 69. Yani mteja aliyeambiwa ameokolewa alikuja kulipa vilevile, amechelewa tu, tena kwa mshtuko.

Hispania nao walikuwa na ya kwao. Serikali baada ya serikali zilikuwa zinaweka bei chini ya gharama kwa sababu hakuna anayetaka kupandisha umeme karibu na uchaguzi, tofauti ikawa inaandikwa kama deni la mfumo wa umeme ambalo wateja wa baadaye watalilipa. Mpaka mwaka 2013 deni lilikuwa limevuka yuro bilioni 25. Mtoto aliyekuwa hajui hata kuwasha taa wakati ule leo analipa bili yenye deni la umeme uliowaka kabla hajapata akili. Mawaziri, hili ni lenu zaidi kuliko la makamishna. Mkimpigia simu mdhibiti aahirishe ongezeko, tuambieni siku hiyohiyo ahirisho hilo lina riba kiasi gani na litaanza kulipwa lini. Kama takwimu hiyo inawatia aibu kuitangaza, basi msiahirishe.

Nije kwenye tozo ndogondogo. Bei ya msingi inapitia vikao, lakini chini yake kuna mstari wa mafuta, mstari wa fedha za kigeni, mstari wa mfumuko wa bei, na mistari mingine inayobadilika kila mwezi bila kikao chochote. Asili yake ina mantiki, mafuta yanapanda na kushuka na huwezi kuitisha vikao kila wiki. Tatizo ni kwamba mkimruhusu mtu kupitisha asilimia 100 ya gharama ya mafuta kwa mteja, hana sababu ya kutafuta mafuta ya bei nzuri wala ya kuwasha mtambo wa nafuu kwanza. Idaho huko Marekani, kampuni kubwa ya umeme ya jimbo hilo imekuwa ikibeba asilimia 5 ya sehemu kubwa ya tofauti na wateja wanabeba 95. Asilimia 5 inaonekana kidogo ila inaingia kwenye faida ya wenyehisa moja kwa moja, kwahiyo mtu wa manunuzi anaamka mapema. Kwanini utaratibu kama huu uwe wa ajabu kwingine? Na hata pale msipotaka kugawana, kagueni basi. Mwisho wa mwaka chukueni mwezi mmoja, mtambo mmoja mmoja, muulize uliwashwa kwanini wakati wa bei nafuu ulikuwa umezimwa, na majibu yawekwe wazi.

Kuna lingine halisemwi kabisa. Mnapitisha mpango wa uwekezaji, tuseme laini mpya ya msongo mkubwa na vituo kadhaa vya kupozea umeme, gharama zake zinaingia kwenye bei tunaanza kulipa. Miaka mitatu inaisha, kampuni inarudi na maombi mapya, na ukisoma orodha ya miradi unakuta ileile, majina yaleyale, bajeti imeongezeka. Pesa ya raundi ya kwanza iko wapi? Wakati mwingine sababu ni ya kweli, ardhi ilichelewa kulipwa fidia, mkandarasi alishindwa. Sawa, lakini kama laini haijajengwa basi faida na uchakavu wa laini hiyo mliotutoza virudishwe, na virudishwe na riba, kama vile kampuni inavyodai riba ikiwa ni sisi tumechelewa.

Uganda wana somo kubwa hapa. Umeme Limited ilichukua usambazaji mwaka 2005 kwa mkataba wa miaka 20 wenye faida ya asilimia 20 juu ya uwekezaji, na haki ya kurudishiwa kiasi ambacho hakijarudi mkataba ukiisha. Kazi ilifanyika, upotevu wa umeme uliokuwa karibu asilimia 38 ulishuka mpaka chini ya 20, hilo lazima lisemwe. Lakini Machi 2025 mkataba ulipoisha, serikali ililipa dola kama milioni 118 na kampuni ikadai inastahili zaidi ya milioni 290, ugomvi ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Tofauti ya namna hiyo haitokei siku ya mwisho. Inalimbikizwa miaka yote ambayo kila upande ulikuwa na orodha yake ya mali, huyu anasema nguzo hizi nimejenga na zimethibitishwa, yule anasema bado. Kila mwaka mdhibiti angetakiwa kufunga hesabu ya mali, hii imeingia, hii imekataliwa na sababu ni hii, pande zote zinasaini, asiyekubali anaenda kwenye rufaa mwaka huohuo kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Nyie wa nchi nyingine wenye mikataba ya aina hii inayoelekea ukingoni, muda wa kuanza kazi hiyo ni sasa.

Mtaniambia haya yote yanahitaji wataalamu na nyie hamna wa kutosha. Nakubali, na ndo maana nina ombi kuhusu pesa za mawakili. Sehemu nyingi gharama za kesi ya bei, mawakili wa kampuni, washauri wa fedha, wapima mali, zote zinaingia kwenye gharama za uendeshaji na tunazilipa sisi. Maana yake mteja analipia hoja za kumpandishia bei, halafu upande wake anasimama mzee wa chama cha watetezi wa walaji akiwa na karatasi mbili na dakika chache za kuongea. California tangu miaka ya 1980 wana utaratibu wa kuwalipa wawakilishi wa wateja kama mchango wao umeonekana kusaidia uamuzi, na malipo hayo yanatoka kwenye bei ya umeme. Ni kiasi kidogo mno kwa yuniti. Tunaomba na sisi tulipiwe mhasibu na mhandisi wetu, tena wapewe kompyuta na data zilezile ambazo kampuni inazo. Na huyo mtu asiteuliwe na kampuni wala na wizara.

Na kuhusu nyie wenyewe, samahani lazima niliseme. Ohio, mwaka 2021, kampuni ya FirstEnergy ilikiri kwenye makubaliano na waendesha mashtaka wa Marekani kwamba ililipa dola milioni 4.3 kwa mtu ambaye muda mfupi baadaye akawa mwenyekiti wa tume inayoidhibiti. Simtuhumu kamishna yeyote anayesoma hapa. Nachosema ni kwamba mteja hana njia ya kujua nani kakaa na nani, kwahiyo wekeni wazi kila kikao mlichokaa na kampuni nje ya vikao rasmi, tarehe, waliokuwepo na kilichozungumzwa, na mtu asitoke kwenye kampuni akaja kuketi kwenye tume, wala kutoka tume akaenda kampuni, bila miaka kadhaa kupita katikati.

Uamuzi wenu ujao tunautaka hivi. Kila gharama iliyoombwa iwe na mstari wake, kiasi kilichoombwa, kilichokubaliwa, kilichokataliwa, na sababu kwa lugha ambayo mtu aliyemaliza sekondari anaielewa. Majedwali yatoke kama faili linalofunguka na fomula zake zikiwemo, siyo picha za karatasi zilizoskaniwa ambazo huwezi hata kujumlisha. Ahirisho lolote liandikwe pamoja na riba yake. Miradi iliyolipiwa raundi iliyopita iorodheshwe, iliyojengwa na isiyojengwa. Kama baada ya kupima hivyo jibu likatoka asilimia 20 kamili, pandisheni 20, nitalipa na nitawatetea mbele ya watakaolalamika. Likitoka 3, toeni 3 hata kampuni ikienda mahakamani. Na jedwali hilo litoke angalau siku 30 kabla bei mpya haijaanza kutumika, ili atakayeona kosa apate muda wa kuliandikia na nyie mpate muda wa kulijibu.

Wenu,
Mlipa bili